Ng'ombe Wawili kwa Mbuzi Mmoja

Juzi, kwenye duka la dawa za mifugo hapa Getanuwas, bibi mmoja alikuja kununua dawa ya kuogesha ng'ombe, akiwa na mjukuu wake wa kidato cha pili. Kesho yake binti alikuwa na mtihani wa hesabu, na mwalimu wake wa somo hilo alikuwepo pale dukani, akamsaidia swali moja kwenye daftari lake.

"Mifugo kumi na wawili," mwalimu alimwelekeza. "Mbuzi ni mara mbili ya ng'ombe. Basi mahali pa mbuzi, weka ng'ombe wawili."

Bibi alifunika daftari kwa kiganja. "Mwalimu, mbuzi mmoja kwa ng'ombe wawili? Nani kakubali?"

"Shikamoo, bibi. Hatubadilishani mifugo. Ni idadi tu."

"Kumbe ni idadi," binti alisema taratibu, akaandika: ng'ombe wanne, mbuzi wanane.

Naamini binti atafaulu. Ila kwa jinsi bibi alivyomtazama mwalimu, hawezi kumtuma mnadani kumuuzia ng'ombe.