Dafu na Kidaka

Iko siku moja katika miaka ya themanini, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hujikuta nimeinamisha kichwa. Nakuhadithia kwa sababu nimesikia umepata kazi ya ualimu, na sipendi uanze nilipoanzia mimi.

Nilikuwa ndio kwanza nimetoka chuoni, nikapewa darasa la saba katika shule moja karibu na Mambrui. Navaa shati la mikono mirefu na joto lile, najiona msomi. Somo lilikuwa nguvu na mwendo. Nikaandika ubaoni kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi. Kitabuni haikuwamo, niliitoa kichwani tu, maana naliona ni jambo lililo wazi.

Nyuma ya darasa akasimama Kadzo, msichana wa Kigiriama, si mwingi wa maneno. Babake alikuwa mgema, kazi yake kupanda minazi kugema tembo, ile pombe ya mnazi, na kuwaangulia watu madafu.

"Niwie radhi, mwalimu," akasema. "Baba akiangua, dafu na kidaka vikiachiwa mara moja hutua pamoja. Naviona kila siku."

Kidaka ni kile kinazi kichanga, hakizidi ngumi. Minazi ilituzunguka mpaka madirishani. Ningetoka nje na watoto tukajaribu, yakaisha. Badala yake nikasema, "Kadzo, hayo umeyaona kwa macho ya tembo la babako."

Darasa zima likacheka. Mji ule ni wa watu wa msikitini, mwanangu, na mtoto wa mgema kuambiwa vile mbele ya wenzake ni kuvuliwa nguo. Akaketi. Mkono wake hakuuinua tena.

Mwalimu mkuu, mzee mpole wa Malindi, alikuwa akipita barazani na akasikia. Jioni aliniita penye tangi la maji, akanipa dafu na kidaka ndani ya kikapu, akaniambia nipande ngazi. Nikapanda, shati langu safi limelowa jasho, nikaviachia pamoja. Akanirudisha juu mara ya pili, na ya tatu.

"Umesikia vishindo vingapi, bwana mwalimu?"

"Kimoja."

"Basi kesho, mbele ya darasa lile lile, mwambie mtoto wa watu kwamba alisema kweli."

"Nimesikia, mzee."

Kusikia nilisikia. Kesho yake nikaona haya, nikajiambia Jumatatu. Jumatatu nikaja na mkokoteni. Watoto wakausukuma mtupu, kisha umejaa mitungi ya maji, mara mchangani, mara kwenye saruji, wakaona wenyewe unavyokuwa mgumu kuondoka na mgumu kusimama. Walifurahi mno, nami nikajidanganya kuwa nimekwisha kutengeneza nilipoharibu. Lile neno moja nililoagizwa sikulisema. Na Kadzo hakuwapo kuusukuma mkokoteni. Kiti chake kilikuwa kitupu.

Wiki ya tatu nikaenda kwao. Babake alinikaribisha kwa heshima ambayo sikuistahili. "Amekataa kata kata, mwalimu," akaniambia. "Nimembembeleza hata nimechoka."

Kadzo alikuwa uani, kwenye kibao cha mbuzi, akikuna nazi. Nikamwambia, "Ulisema kweli. Nimejaribu mwenyewe."

Akaendelea kukuna. "Mimi nilikuwa najua, mwalimu," akasema, bila hasira. "Wenzangu ndio hawakujua."

Hata baada ya hapo, darasani sikulisema. Shuleni hakurudi, na wale waliocheka walimaliza darasa la saba wakiamini kwamba mtoto wa mgema alisema upuuzi. Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, nimepata na shukrani za watu, lakini kila nilipomwona msichana akiinua mkono nyuma ya darasa, moyo wangu uliuma.

Kwa hiyo, mwanangu, mtoto akikwambia ameona, mtoe nje mkaone pamoja, babake awe nani. Ukijua umekosea, sema siku ile ile, na usemee pale pale ulipokosea. Ukingoja haya ikutoke, atakayekuwa ameondoka ni mtoto. Mungu akupe macho ya kuona na ulimi mwepesi wa kukiri, na watoto wa watu utakaokabidhiwa wakutoke mikononi wakiwa wazima. Amina.