Kanda Iliyosubiri Mto

"Mjomba, mbona hukuvuka?"

Rosalia alikuwa na miaka sita alipomuuliza hivyo Gotlieb Naobeb, kaka wa mama yake. Gotlieb alicheka tu, akammegea nyama kavu.

Enzi hizo Gotlieb aliteremsha kwa gari kanda za kumbukumbu kutoka kwenye darubini za milima ya Khomas hadi uwanja wa ndege wa Windhoek, zikasomwe Ulaya. Jumatano moja Dokta Annelore, mwanasayansi wa darubini hizo, alimkabidhi kanda kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto mchanga. Huenda, alisema, humo mmenaswa miale ya gama: mlipuko wa sekunde chache wa nyota iliyokufa, mwanga uliosafiri miaka bilioni saba. Nakala nyingine hakuna.

Msimamizi wake wa kazi akaongeza lake: "Ndege ni kesho. Ukiikosa, funguo za gari uniachie."

Njiani Gotlieb akakuta mto Kuiseb umefurika. Juzi ulikuwa mchanga mtupu; sasa maji ya rangi ya kahawa yalibeba miti mizima mizima.

"Wee Gotlieb, umebeba mayai?" alimkejeli Dawid, mwenye mkokoteni wa punda. "Pita, bwana! Maji ya magotini haya!"

"Magoti ya nani? Ya twiga?"

Dereva wa lori tupu la ng'ombe akapiga honi. "Tazameni wanaume!" Akaingia. Lori likaelea kidogo, kama linalowaza, kisha likalala ubavu. Waliokuwa ukingoni wakamvuta dereva kwa kamba, kiatu kimoja hana. Dawid akawageuza punda wake.

Alhamisi ndege ikapita juu, ndogo kama sindano. Gotlieb alikuwa amepakata kanda ndani ya blanketi, akiwaza: mwanga huu ulipoanza safari, dunia haikuwapo. Haukuwapo mto, wala mchanga, wala msimamizi. Akajikuta anaogopa hata kuupumulia.

Jumamosi maji yakapungua. Kanda ilifika kavu, ndege ya Jumatatu ikaichukua. Funguo zikachukuliwa pia, na Gotlieb akapewa kazi ya kutengeneza uzio, hadi alipostaafu.

Rosalia alipofika miaka kumi na sita akasikia yaliyobaki: Ulaya hawakukuta mwale hata mmoja.

"Yaani gari likakutoka kwa ajili ya kanda tupu, Mjomba? Si bora ungejaribu kuvuka?"

"Pale mtoni nani alijua ni tupu, mama? Mwanga umetembea miaka bilioni saba, haujapotea njia. Uje uzame Kuiseb, mapajani pangu mimi?"