Muhogo wa Amandine Wapoteza Majani

Amandine alirudi kutoka kazini akakuta muhogo wake umebaki kijiti. Aliuotesha mwenyewe kwenye ndoo, ukakulia kwenye roshani ya kwao, mtaa wa Weston, hadi ukampita kimo, na kesho yake alikuwa aupeleke chuoni. Klabu ya wanafunzi wapenda mimea ilibakiwa na nafasi moja katika nyumba yake ya kioo ya maonyesho. Mmea utakaoikosa utauawa na baridi ya ughaibuni.

Jikoni, mama yake Pulchérie alikuwa akiyatwanga majani yake, kinu kimewekwa juu ya taulo ili jirani wa chini asilalamike.

"Maman! Ule ulikuwa wa maonyesho!"

"Wageni wa maombi wanakuja. Niwape mkate, na sombe mbichi iko kwangu?"

"Ungeniuliza."

"Majani ya kutazamwa tu, tangu lini?" Kisha akashusha sauti. "Na huko usiseme tumeyala. Watadhani kwetu kuna njaa. Sema ni wadudu."

Kesho yake, ndani ya basi, Amandine alikikagua kile kijiti. Kila jani lilipochumwa palibaki kovu, na juu ya kovu kivimbe. Kimoja kilikuwa kimeanza kuwa kijani. Kilikuwapo tangu awali, au kuchumwa ndiko kulikokiamsha?

"Umetuletea fimbo ya babu yako?" alicheka Calvin, mwenyekiti wa klabu.

"Wadudu," alisema Amandine.

Mehdi, ambaye hakosi kioo chake cha kukuzia, aliinama. "Wadudu gani hawa? Hawakutafuna hata kipande. Wamechuma."

Uso ulimwaka Amandine. "Ni mama yangu. Tulikuwa na wageni, na kwetu mgeni hapewi chakula cha ovyo. Majani haya yana sumu yakiwa mabichi, ndiyo maana hutwangwa na kuchemshwa sana." Akaonyesha kile kivimbe. "Mimi nataka kujua hiki kimeamshwa na nini."

Kicheko kilikatika. Kioo kilipita mkono hadi mkono, kila mtu na dhana yake, wakabishana hadi Calvin akagonga meza.

"Hatutajua ukifa. Wanaotaka uingie ndani?"

Mikono ikainuka, wa Calvin wa mwisho.

Jioni Pulchérie alimngojea mlangoni. "Ulisema wadudu?"

"Hawakuamini, Maman. Nikasema ni wewe."

Mama akajifunga kitenge upya. "Na wageni, uliwataja?"

"Niliwataja. Na sasa wote wanangoja kivimbe kimoja kichipue."

"Basi vizuri," alisema, akampisha aingie. "Hicho kivimbe, kitatoa jani lini?"