Ukuta wa Udongo Kule Lanham

Mpaka leo nikinusa majani makavu yaliyochachia kwenye udongo, narudi Lanham, nyuma ya nyumba ya jirani yetu Mzee Kenji, seremala mstaafu kutoka Japani.

Nilikuwa na miaka tisa. Mzee alikuwa anajijengea kibanda cha kunywea chai kwa mtindo wa kwao, lakini kwa vitu vya hapohapo: fito za mianzi iliyojiotea uani, udongo mwekundu wa Maryland aliouchimba mwenyewe, na paa alilolioteshea majani. Jamani, mimi niliona uchafu mtupu. Na ukuta wenyewe ulipokauka, ukapasuka.

Mama, aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee, alipita na sare yake akausogelea ule ukuta kama anampima mgonjwa. Akamuuliza Mzee, kaunti hii samadi ya ng'ombe ya kuchanganyia udongo usipasuke inapatikana wapi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee hakucheka. Akaeleza kwamba kwao hukatakata majani makavu ya mpunga na kuyafukia kwenye udongo mpaka uchache. Wakafukia majani makavu kwenye shimo la udongo, wakakubaliana kungoja.

Baada ya wiki kadhaa udongo ulinuka hadi kwetu. Jumamosi hiyo asubuhi Mama alivua viatu, akajifunga kitenge, akaingia shimoni kuukanyaga. Aliimba Kinyaturu, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia nyumbani. Mimi nilijificha nyuma ya mti, wenzangu wa shule wasinione.

"Mkataa kwao mtumwa," akaniambia. "Ingia."

Niliingia nimenuna. Udongo ulikuwa baridi, ukipenya katikati ya vidole, na nakiri ulikuwa mtamu. Tukakandika ukuta mpaka adhuhuri, tukanawa miguu bombani kwa Mzee, tukarudi nyumbani. Mama akampigia Bibi simu ya video Singida.

"Mama, leo nimekandika nyumba."

"Ya nani?"

"Ya jirani."

Bibi akacheka. "Na yangu lini?"

Nami nikacheka. Sikujua kwamba kwao kila kiangazi mabinti walioolewa hurudi kumkandikia mama yao nyumba, wala kwamba Mama alikuwa na miaka tisa hajarudi, kwa sababu hakuwa na karatasi za ukaazi, na kama angetoka nchini asingeruhusiwa kurudi kwangu. Aliaga, akasema anakwenda kunawa miguu. Maji yalitiririka bafuni muda mrefu, nami nikawa namwita atoke, nikishangaa, maana miguu tulikuwa tumeshanawa.