Ufunguo Usiotundikwa Msumarini

Komeo, binti wa fundi saa, mjukuu wa mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa huu, kitukuu wa mchonga milango ambaye milango yake bado inafunga vizuri wakati nyumba zenyewe zimeshachoka. Hivyo ndivyo ninavyomtaja mwanangu wa mwisho, kwa kazi za waliomtangulia, maana siku hizi mtaani anatajwa kwa jambo moja tu, nalo si la kweli. Wanasema aliharibu programu ya zahanati. Mimi nilikuwepo. Elimu yangu ni ya msingi, lakini kumbukumbu yangu haijapata kutu.

Jina la Komeo alipewa na baba yake. Akiwa mdogo hakulala mpaka azunguke nyumba nzima akijaribu kila mlango, na akishapanda kitandani anashuka tena kuhakikisha. Sisi wengine tulikuwa watu wa msumari. Kando ya mlango wangu pana msumari mrefu, na funguo zote za nyumba zinaning'inia hapo, ya stoo, ya kabati, ya chumba cha mbele. Anayehitaji anachukua, akimaliza anarudisha. Mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, alipohamia kwetu na mkewe na watoto, tulimwonyesha msumari kabla ya kumwonyesha choo.

Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya marehemu mume wangu. Baadaye nilimpangisha bwana mmoja tunayemwita Miwani, akafungua ofisi ya kuandika programu za kompyuta, akawaajiri Komeo na mkwe wangu. Watatu hao waliandika programu moja, ambayo zahanati huitumia kupanga siku za chanjo za watoto. Mimi hukaa ukumbini, ng'ambo ya korido. Mlango wao hauzuii sauti, kwa hiyo mengi nimeyasikia bila kuyatafuta.

Mwanzoni walipeana kazi kwa flashi. Huyu anaandika kipande chake, anampa yule, yule anabandika juu ya chake. Siku moja mkwe akabandika kazi ya zamani juu ya mpya, na zahanati zikaanza kuwaita akina mama siku zisizo zao. Mtu katoka mbali na mtoto mgongoni, anafika anaambiwa arudi nyumbani. Wenye zahanati wakasema likitokea tena wanarudi kwenye makaratasi, na ofisi ijifunge yenyewe.

"Tuache kupeana kazi kama watu wanaopokezana sigara," Komeo akasema. Akachukua kompyuta kuukuu, akaipangusa vumbi, akaiweka kwenye rafu ambako baba yake alikuwa akipanga saa zilizopona. Hiyo wakaiita seva. Kazi yote ikakaa humo, na kila badiliko likawa linaandikwa, nani kaleta na kabadili nini, ili la jana lisipotee kwa sababu ya la leo. Kila mmoja alichukua nakala nzima kwenye mashine yake, akafanya kazi yake, kisha akaisukuma kwenda kwenye seva.

Habari ya mlango wa seva alinieleza mwenyewe tukikunja nguo.

"Kila mtu anatengeneza jozi, Mama. Kitu kimoja ni kama kufuli, ananipa mimi nakiweka kwenye seva. Cha pili ndio ufunguo, anabaki nao kwenye mashine yake. Hampi mtu."

"Hata ndugu yake?"

"Hata wewe."

"Nitautakia nini? Mimi nina msumari wangu."

"Huu hautundikwi msumarini, Mama."

Tukacheka. Mkwe naye alikuwa pale, akasema ufunguo usioazimwa ni ufunguo wa bahili. Komeo akamjibu, "Sawa, shemeji. Ila siku ukiupoteza wako, utanipigia magoti hapa hapa mbele ya watoto wako." Ni utani wa shemeji, hakuna aliyeufikiria. Mimi naukumbuka kwa sababu mkwe alichelewa kidogo kucheka.

Seva ilimkataza kila mtu kufunika kazi ya wenzake. Komeo peke yake, kwa kuwa ndiye mtunzaji, ndiye aliyeweza kusukuma kwa nguvu, kazi yake ikafunika iliyokuwemo. Tena ufunguo wenyewe unaweza kuwekewa neno la siri, ili hata ukichukuliwa usimfae aliyeuchukua. Wenzake aliwasimamia mpaka wakaweka. Wa kwake hakuuwekea. Alikuwa akiutumia kutwa nzima, akachoka kuchapa. Huyo ndiye Komeo wetu, aliyekuwa akishuka kitandani kujaribu milango.

Kisha mashine ya mkwe ikaanguka. Fundi akaitengeneza, lakini kila kilichokuwemo kikafutika, ufunguo ukiwa mmojawapo. Angemwambia shemeji yake ampokelee kufuli jipya, kazi ya muda wa kumaliza kikombe cha chai. Hakusema. Mwanamume mzima, baba wa watoto, ampigie magoti mdogo wa mkewe, hata kwa mzaha.

Nilikuwa napita koridoni na beseni la nguo. Komeo alikuwa ametoka kwenda dukani, Miwani yuko safarini kutembelea zahanati. Mkwe amekaa kwenye kiti cha Komeo, flashi mkononi. Akanitazama, akatabasamu.

"Naazima kitu, Mama."

Nikapita. Katika nyumba yangu kuazima si kosa.

Alichoazima ni ufunguo wa Komeo, akaunakili kwenye flashi. Kwa kuwa mashine yake ilikuwa tupu, alianza kazi na nakala ya zamani iliyobaki kwenye flashi yake. Alipoisukuma, seva ikakataa, ikimwambia yuko nyuma ya wenzake. Akasukuma kwa nguvu. Ufunguo ulikuwa wa Komeo, seva ikatii. Siku iliyofuata zahanati zikachukua programu kutoka humo kama kawaida, na tarehe mbovu zikarudi zote.

Kazi yenyewe ilipatikana. Miwani alikuwa na nakala nzima kwenye mashine aliyosafiri nayo, akairudisha. Lakini akina mama waliorudishwa nyumbani, si wote waliokuja tena.

Seva ilipoulizwa, ikataja ufunguo wa Komeo. Miwani akasema wenye zahanati wamekubali kubaki, ila wanataka kusikia kwamba aliyefanya hivyo hayupo tena ofisini.

Binti yangu mkubwa akanifuata jikoni.

"Mama, uliona?"

"Niliona."

"Nakuomba usiseme. Mdogo wangu hana watoto, ana kichwa chake, atapata kazi popote. Sisi je?"

"Huyo asiye na watoto nilimzaa mimi, kama nilivyokuzaa wewe."

Akalia. Sikumbembeleza. Nilikwenda moja kwa moja kwa Komeo nikamwambia nilichokiona.

"Nilijua, Mama. Nakala ile alikuwa nayo shemeji tu."

"Basi sema."

"Namsubiri aseme yeye. Nikimtaja mimi, dada hataingia tena chumbani kwangu."

Alimsubiri. Walikula meza moja, wakapishana koridoni, watoto wakapanda magotini pa Komeo kama kawaida, na mkwe hakusema. Komeo naye hakusema. Lakini mimi sikumwahidi mtu kwamba nitanyamaza kwenye karatasi, na binti yangu mkubwa akiyasoma haya, ayasome mpaka mwisho.

Miwani akawaita wakae. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai.

"Ufunguo ni wangu," Komeo akasema.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Nimesema ufunguo ni wangu, na sikuuwekea neno la siri. Hilo nalikubali."

"Una la kuongeza?"

"Mimi sina."

Akamtazama mkwe. Mkwe alikuwa akivuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa shati lake, anauvuta tu, na shati linafumuka. Nikafungua mdomo. Komeo akanitikisia kichwa. Nimenyamazishwa mara chache katika maisha yangu, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Miwani akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Basi leo iwe mwisho. Nani atatunza seva?"

"Shemeji."

Mkwe akainua uso. "Mimi?"

"Wewe. Njoo ukae."

Komeo akasimama, akampisha kiti. Kiti kile kile. Akamfungulia faili lenye makufuli ya watu, kila mtu mstari wake, akaonyesha kwa kidole bila kugusa kioo.

"Huu wa Miwani. Huu ulikuwa wako, umekufa. Huu wangu. Utatengeneza jozi mpya, utaiwekea neno la siri, na ufunguo hutampa mtu, hata dada. Na mtu akija kukwambia kapoteza wake, mpokee. Usimtanie."

Vidole vya mkwe vilikuwa juu ya vitufe, havishuki. Chai ilikuwa inapoa mikononi mwangu.

"Lakini kwanza ufutwe mstari wangu," Komeo akasema. "Anza na huo, shemeji. Unaujua."