Kuku wa Madoadoa na Ushuhuda wa Mama

Mama yangu alidanganya kanisani. Si uongo mdogo wa kusema ameamka salama huku magoti yanamuuma, hapana. Alisimama mbele ya washirika wote, akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akasema Mungu amemponya, na hakuwa amepona. Nimemwuliza kama naweza kuandika jambo hili, akakubali kwa sharti moja: nisiandike kwamba alilia. Basi hakulia.

Mimi nauza muthokoi na maharagwe pale Kambu, kando ya barabara kuu, mahali malori yanasimama. Mama ndiye aliyenifundisha kutwanga mahindi mpaka maganda yatoke na kuyapika yaive bila kupondeka. Yeye anaishi Matinyani, peke yake tangu baba afariki. Kutoka kwangu hadi kwake ni kushika gari Kibwezi, kupita Mutomo, kufika Kitui mjini, halafu kushika lingine. Kwa hivyo simwoni kila wiki, na ndiyo sababu uvimbe ulikaa kwenye titi lake karibu mwaka mzima bila mimi kujua. Niliuona siku moja nikimsaidia kuosha mgongo.

"Hiki ni nini?"

"Ni mtungi tu," akasema. Ati ni kwa sababu ya kubeba maji. Asi! Mtungi tunabeba mgongoni, tangu lini ukavimbisha titi? Nilipaza sauti mpaka mbuzi wa jirani wakashtuka. Hasira zangu ziko karibu, Kambu nzima inajua. Hata madereva wa malori hunilipa kabla sijawaangalia vibaya.

Hospitalini Kitui wakakata kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa. Majibu yalipotoka, daktari, mwanamke mpole wa rika langu, alitukalisha akasema ni kansa, lakini bado iko mahali pamoja. Titi litolewe, halafu mama aanze dawa. "Msikae nayo," akasema. "Ni mwezi huu, si mwaka huu." Bima ingelipa sehemu. Sehemu iliyobaki ilikuwa yetu, na sisi hatukuwa nayo. Mbuzi wa mama walikuwa wamemalizwa na ukame, na mimi biashara yangu ni sufuria tatu na benchi.

Kanisa lake likasema litasimama naye. Mvua zilikuwa zimekataa mara mbili mfululizo na nyumba nyingi zilikuwa zinapika mara moja kwa siku, lakini wakatenga Jumapili kwa ajili yake. Kwetu asiye na pesa huleta alicho nacho, na baada ya ibada vitu vinapigwa mnada pale nje. Nilikuwepo siku hiyo. Zililetwa pojo kikombe kimoja, mayai matatu ndani ya kofia, asali kwenye chupa ya soda, kikapu cha kiondo ambacho hakijawekwa mkanda. Na jirani wa mama, mjane anayelea wajukuu watatu, akaleta kuku. Kuku wa madoadoa, mnene kuliko aliyemleta.

Yule kuku nilimnunua mimi. Nilipandisha bei makusudi, mzee mmoja aliyekuwa akishindana nami akaniangalia akaacha. Nilitaka mama ale nyama apate nguvu ya operesheni. Nikamfikisha nyumbani, nikaweka maji kwenye moto, nikachukua kisu.

"Kuku huyu namjua," mama akasema.

"Kuku ni kuku, Mama."

"Huyu anataga kila siku. Mayai yake ndiyo vitabu vya shule vya wale watoto."

"Ametolewa kwa Mungu, na mimi nimemlipia. Sasa ni supu."

"Weka kisu chini."

Nikaweka. Nikapika sukuma wiki kwa hasira, nikatia chumvi nyingi, tukala hivyo hivyo. Asubuhi nikarudi Kambu, kwa sababu muthokoi haujipiki, nikamwacha kuku amefungwa kwenye mguu wa kitanda.

Jumapili iliyofuata, mchana, nikiwa nawapakulia madereva, simu ikalia. Alikuwa mke wa pasta. "Bwana asifiwe, mwanangu! Mama amepona!" Nyuma yake nilisikia ngoma na vigelegele. Akanieleza kwamba mama amesimama kutoa ushuhuda: alipokuwa akiomba alisikia joto kifuani, akajipapasa, uvimbe haupo. Na pesa zilizochangwa amesema zinunue mahindi ya nyumba zenye njaa, kwa sababu yeye hazihitaji tena.

Jamani, niliamini. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye nilijifanya mwerevu. Niliacha mwiko ndani ya sufuria, nikaenda nyuma ya kibanda, nikapiga magoti kwenye majivu nikalia kwa furaha. Siku hiyo chai ilikuwa ya bure. Dereva mmoja Mwislamu wa Mombasa alipoambiwa sababu alisema alhamdulillahi, akaninunulia soda, mimi mwenye kibanda.

Nilikaa na furaha yangu wiki tatu. Nikimpigia mama simu ananiambia yuko sawa, tena anaimba nimsikie. Wiki ya nne nikaenda Matinyani na leso mpya ya kumpongeza. Nikamkuta anatoka kuteka maji, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na mkono wa kushoto ameubana kifuani. Nikamwambia ajifunge leso nione inavyomkaa. Akasema kesho. Nikasema sasa hivi. Alipoinua mikono kuvua blauzi, mkono wa kushoto ukakataa kupanda, na ikabidi nimvue mimi. Uvimbe ulikuwa pale pale. Ulikuwa umekua, na ngozi ilikuwa imeanza kuvutwa ndani.

Sikumwuliza kitu. Nilitoka na slipasi zangu hadi kwa pasta, nikamkuta akitengeneza ua wa miiba wa boma lake. Nikamwaga yote. Nilimwita mwongo, nikamwita mwuaji, nikasema yeye na wenzake huombea watu mpaka wanawazika. Majirani wakatoka nje kuangalia. Pasta wa mama ni mzee, meno yake ni machache. Alisimama ameshika tawi la mwiba mkononi mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Mama yako nilimwombea," akasema. "Na siku hiyo hiyo nikamwambia asikose kwenda hospitali. Ni yeye aliyetuambia amepona. Sasa mimi ningefanya nini, mwanangu? Nimpapase nihakikishe?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na sikuwa na ujasiri hata wa kumwomba msamaha. Nikageuka nikaenda.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, leso mpya imekunjwa magotini.

"Umemtukana mtumishi," akasema.

"Ndiyo."

"Utaenda umwombe msamaha."

"Nitaenda. Lakini kwa nini, Mama? Kwa nini?"

Akaniambia polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wake mwenyewe. Siku ile nilipoondoka kwenda Kambu, alimbeba kuku ampeleke kwa jirani. Jirani akakataa, akasema kilichotolewa kwa Mungu hakirudi nyumbani. Lakini mama alipokuwa pale mlangoni aliwaona wajukuu wakinywa uji mwepesi, unaona chini ya kikombe. Mdogo wao alipomwona kuku alikimbia kuangalia kiota kama kuna yai. Mama akarudi na kuku wake kwapani, na njia nzima akiwaza kwamba Jumapili watu hawa watatoa tena, na inayofuata pia, mpaka pesa zitimie.

"Nikasema, kama mimi ni mzima, hakuna atakayetoa," akaniambia. "Jumatatu baada ya ushuhuda nilimpeleka kuku tena. Safari hiyo akampokea. Mimi nina miaka sabini na moja. Wale watoto wana miaka mingapi? Nilipiga hesabu."

"Na mimi je? Mimi uliniweka kwenye hesabu?"

Alishika ncha ya leso akawa anaikunja na kuikunjua. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, na papo hapo nilitaka kumbeba mgongoni mpaka Kitui kwa miguu.

"Sasa nimekwama," akasema mwishowe. "Mahindi yameliwa. Na kuna yule mama aliyekuwa akipika pombe kule chini mtoni, aliokoka kwa sababu ya ushuhuda wangu. Nikisema ukweli, si nitamrudisha alikotoka?"

"Na ukikaa kimya utakufa, na tutakuzika. Watauliza umekufa na nini. Wataambiwa nini, kwamba umekufa kwa kupona?"

Hapo akacheka kidogo, bila kutaka. Tukakubaliana Jumapili. Kabla ya hapo nilienda kwa pasta kuomba msamaha, nikakaa kwenye kiti chake, nikanywa chai yake, nikamshikia matawi ya ua wa miiba akiendelea kuufunga. Hakunisumbua. Aliniambia tu kwamba sauti yangu ingefaa kwaya.

Jumapili ilipofika, mama alisubiri wakati wa ushuhuda akasimama. Kanisa lilipiga makofi, kwa sababu walifikiri anaongeza habari njema. Niliona mkono wake wa kulia umeshika ubao wa benchi mpaka mishipa imetoka.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Ule ushuhuda wangu ulikuwa uongo. Uvimbe uko. Mungu hakuniambia nimepona, mimi ndiye nilimsingizia. Niliona mnatoa vitu ambavyo watoto wenu wanavihitaji, nikashindwa kuvumilia. Mnisamehe."

Mwenye kinanda aliondoa vidole kwenye kinanda. Pasta alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi nikaanza kufikiria njia ya kumtoa mama nje kabla mtu hajasema neno baya. Mama hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mimi sijakatazwa.

Kisha jirani akasimama. Hakungoja maikrofoni. Alitoka kwenye benchi lake akaja mpaka mbele, mwembamba hivyo, leso yake imefifia rangi, akasimama uso kwa uso na mama.

"Kuku ulinirudishia," akasema. "Ukaniambia umepona. Mimi nikamshukuru Mungu, nikawapa watoto mayai, nikala na mimi. Nililala nimeshiba nikifurahi. Kumbe nilikuwa nakula ugonjwa wako!"

Mama akajaribu kusema kitu.

"Ngoja. Mume wangu alipokufa, ni nani alikuja kunipikia siku nane? Nilikurudishia unga wako? Nilisema nimeacha kuomboleza ili usitoe? Nani alikuambia mimi ni maskini mpaka sina cha kukupa?" Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira, na nikamtambua, kwa sababu hasira ya namna hiyo ninayo. "Tutaanza tena. Na wewe hutaangalia nani ameleta nini. Wewe ni mgonjwa. Kaa chini."

Mama akakaa chini. Kwa miaka yote niliyomjua sijawahi kuona mtu akimwambia mama yangu akae chini naye akakaa.

Yule mama aliyeacha pombe naye akasimama kule nyuma. Akasema kama kuna mtu anahangaika kwa ajili yake, asihangaike. Yeye hakuokoka kwa sababu ya titi la mtu, aliokoka kwa sababu alikuwa amechoka. Kanisa likacheka, pasta akacheka na meno yake machache, na hapo ndipo watu wakaanza kuja kumshika mama mkono mmoja mmoja.

Mnada ulipofanywa, mama alipelekwa kwa mke wa pasta akakalishwa mgongo ukielekea dirisha. Hadi leo hajui nani alileta nini, na mimi sitaandika hapa, maana atasoma. Pesa zilikuja polepole kuliko mara ya kwanza, lakini mwishowe zikatimia. Mahindi yale yaliyonunuliwa yalikuwa yameshaisha na mvua bado haikuwa imenyesha. Mwezi aliotuambia daktari ulikuwa umepita zamani. Daktari hakugomba, lakini aliangalia karatasi mara mbili, na nikaelewa. Ugonjwa ulikuwa umefika kwapani. Wangekata zaidi, na ile dawa ya kupitia mshipa, kemo, ingekuwa ya mizunguko mingi zaidi. Sijui mwisho wake. Mama hunisomea Zaburi nikimwuliza, na mimi nikimwuliza daktari huniambia tuendelee, na nimeamua kusikiliza wote wawili.

Wiki moja baada ya kutoka hospitali, mama alikuwa kitandani kwake Matinyani, bandeji kifuani, hataki chakula. Uji alikuwa anauonja tu. Ilikuwa saa sita mchana, jua limewaka, nami nilikuwa mlangoni nikichambua maharagwe. Jirani akaja na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Alinipita bila salamu ndefu, akaingia, akavuta kigoda karibu na kitanda, akafunua.

Harufu ya supu ikajaa nyumba. Mama akachungulia ndani ya bakuli, halafu akamtazama jirani usoni.

"Ni yeye?"

"Kula."

"Na mayai ya watoto?"

"Kula, nimesema."

Nilingoja. Nilijua kama atalisukuma lile bakuli, basi hata kemo tunaweza kuiacha, na sote tungojee mwisho. Mama akanyoosha mkono wa kulia, ule mzima, akachukua paja, akauma. Alikula polepole, akanywa supu, akatafuna hata miguu, na machozi, kama yalikuwepo, sitaandika. Jirani hakumwondolea macho. Mama alipomaliza, jirani akachukua bakuli lake, akaangalia ndani kama limeisha kweli, akaniaga, akaenda nyumbani kuwapikia wajukuu.