Maharage Yaliyoshuka Mlimani

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo sitawaeleza maji ni nini. Ninachojua ni kwamba jiko langu lilikuwa hapa chini ya mlima, na sasa liko mtoni. Siku maji ya mvua yanaliondoa nilikuwa ndani. Nilishika mkonge wa uzio wa zizi nikabaki. Jiko na mbuzi wawili wakaendelea na safari. Kanisani wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu simtaji hapa. Nawataja waliohusika.

Wa kwanza ni baba mkwe, marehemu. Alipowagawia wanawe mlima huu hapa Nyamwaga, aliukata vipande virefu vyembamba kutoka juu mpaka mtoni, kila mtoto apate malisho juu na maji chini. Ilikuwa haki kabisa. Lakini kipande chembamba ukikilima kwa kukata mlima, yaani kwa upana badala ya kushuka, hatua ishirini tu ng'ombe wanageuka. Basi tukalima wote kwa kushuka, na kila mstari wa plau ukawa mfereji.

Wa pili ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Kipande chake kiko kando ya changu, na mlima unainamia kwangu. Juu kulikuwa na kichaka. Alikikata akachomea matofali. Zamani mvua ilikuwa inaingia kwenye kile kichaka, inakaa, halafu inatokea polepole kwenye chemchemi yetu mpaka kiangazi kinaisha. Siku hizi inapita mbio bila hata shikamoo, na ikifika Agosti chemchemi ni tope la nguruwe.

Wa tatu ni mimi. Miaka yote nilikuwa mbele ya ng'ombe nimeshika kamba, najivunia mistari iliyonyooka.

Baada ya jiko kwenda nikamwomba shemeji tung'oe mkonge wa mpakani, tulime vipande viwili kama kimoja, kwa kukata mlima. Niliogopa masika yajayo yangechukua na nyumba. Akasema mpaka wa baba haung'olewi. Halafu akaleta utaalamu.

"Shemeji, ng'ombe wakikata mlima plau inalala ubavu."

"Bora ilale plau. Jiko langu limeshalala mtoni."

Akacheka. Mimi nikalima cha kwangu kwa kukata mlima, nageuza ng'ombe kila baada ya pumzi mbili. Jirani mmoja akasimama njiani kuniuliza kama nawafundisha ng'ombe kucheza ngoma. Kando ya mpaka nikachimba mtaro kwa jembe la mkono, udongo nikaurundika tuta, juu yake nikapanda majani ya tembo.

Masika yalipokuja shemeji alipanda maharage, na kesho yake ikanyesha. Kila kitu chake kikashuka: udongo mweusi, samadi, mbegu. Tuta langu likavishika. Wiki haikupita, maharage yakaota kwangu yamebanana kama watu mnadani. Kwake kulibaki kwekundu, kumekwanguliwa. Nikapalilia.

Yalipokauka akaja na mke wake na gunia. Alisema anakuja kuchukua mali yake. Sikubisha. Nilimwomba tu asubiri nikamwite mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili wa ukoo. Walipokaa nikamuuliza mbele yao kama ana hakika maharage ni yake.

"Ni yangu. Nilipanda mimi, maji yakayaleta huku."

"Yalitoka shambani kwako?"

"Sasa yatoke wapi? Kila mtu aliona."

Mwenyekiti akaanza kuangalia viatu vyake. Alikuwa ameelewa kabla ya shemeji. Mzee mmoja akakohoa.

"Basi, mwanangu, na maji yaliyoyaleta ni ya kwako. Na deni la jiko la huyu mama pia unalo wewe."

Shemeji aliyachukua maharage yote. Nilimshikia gunia.

Msimu uliofuata mkonge uling'olewa, tukalima vipande viwili kama kimoja. Aliyeshika kamba ya ng'ombe alikuwa yeye, anatukana kila kona kwa Kikurya. Masika yakapita, nyumba ipo. Chemchemi haijarudi, kichaka kinachipua tena ila bado ni vijiti vya kufika magotini. Shemeji anawaambia watu wa kata ya Nyanungu kwamba kulima hivi aliwaza yeye, na wanakuja kumuuliza.

Jiko nimejenga jingine, hatua thelathini juu ya lile la kwanza.